Je, Wajua? Ngome za Mawe na Ngome za Miiba

Je, wajua kwamba gereza gumu kuliko yote katika Kenya ya kikoloni halikuhitaji ukuta? Lilikuwa Turkana nzima. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 ilimpa mkoloni uwezo wa kulifunga eneo lolote alitakalo, na ile ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikakaza fundo: bila kibali, mgeni haingii. Ziwa upande mmoja, nyika kavu pande zilizobaki. Mfungwa akitoroka jela ya Lokitaung, askari hana haja ya kumkimbiza. Jua litamrudisha.

Mombasa ilijengewa ngome kwa mawe ya matumbawe. Huku kwetu ngome ilikuwa umbali. Miji ya pwani imekwisha kuzigeuza ngome zake kuwa makumbusho, maktaba na kumbi za ngoma. Sisi wa Lodwar na Kakuma tugeuze nini? Shikilia swali hilo tukizunguka.

Je, wajua ni nani aliyetangulia kufungiwa Lokitaung kabla ya Jomo Kenyatta? Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mei 1950 Singh akakamatwa, akapelekwa kaskazini. Mwaka 1953 Kubai naye akaletwa Lokitaung, akiwa miongoni mwa waliohukumiwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Singh alizuiliwa sehemu mbalimbali hadi Oktoba 1961, jumla zaidi ya miaka 11. Mashujaa wengine wana barabara kila mji. Huyu jina lake hulisikii sana.

Je, wajua kwamba huko Lokitaung Kenyatta alikuwa mpishi? Wenzake walipigishwa kokoto. Yeye kwa sababu ya umri akapewa sufuria. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China wa Mau Mau, aliyetekwa mwaka 1954 na kuponea kitanzi, naye aliletwa huko huko, na Mzee akawa anamfundisha Kiingereza. Gereza likageuka darasa miaka mingi kabla mtu yeyote hajafikiria kuligeuza makumbusho.

Maji ya Lokitaung yalifika hadi London. Juni 1958 gazeti la The Observer lilichapisha barua ya wafungwa waliolalamikia chakula na maji ya huko. Mwezi huo huo Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria, akamtaja Kenyatta na wenzake kuwa ndio viongozi wa Waafrika. Ukumbi mzima ukachafuka.

Je, wajua kwamba kwa miaka miwili hivi siasa za Kenya yote zilizunguka nyumba moja ya Lodwar? Aprili 1959 kifungo cha Kenyatta kilikwisha, lakini hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar, akaamriwa asitoke eneo hilo. Mkewe, Mama Ngina, akamfuata. Mei 1960 Gavana Patrick Renison akatangaza kwamba Kenyatta ni kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini, akidhani amemmaliza. Wapi! KANU iliingia kwenye uchaguzi wa Februari 1961 kwa wito wa "Uhuru na Kenyatta", ikashinda, ikakataa kuunda serikali Mzee akiwa kizuizini. Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU, mahasimu wakubwa, wakaja Lodwar pamoja kumwona. Aprili akahamishiwa Maralal, na Agosti akawa nyumbani Gatundu.

Fikiria Lodwar ya siku hizo. Mji wenyewe ulikuwa mchanga: mfanyabiashara Shah Mohamed alifika kwenye kingo za mto Turkwel mwaka 1933 na kufungua duka, kisha zikafuata zahanati, uwanja mdogo wa ndege na ofisi za maafisa waliotumwa mbali na wenzao. Mwananchi wa kawaida kutoka Nyeri au Kisumu hakuruhusiwa kufika hapa. Na bado jina la mji huu lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mji mdogo kama huu kupata historia kubwa kiasi hicho ni bahati ambayo hatujaitumia hata robo. Nyumba aliyoishi Mzee ingalipo. Mgeni akikuuliza njia, kuna uwezekano mkubwa utamwelekeza kwanza kwenye sanamu ya Yesu kule kilimani.

Ukitoka Lodwar kwenda kusini hadi Kapenguria, utakuta kielelezo cha linalowezekana. Jela ambamo wale sita walifungiwa wakati wa kesi yao, Kenyatta, Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko, iligeuzwa makumbusho mwaka 1993. Vyumba vya wafungwa vimeachwa vilivyo. Mtoto wa shule anaingia chumbani, anapima upana kwa mikono yake, na somo la historia linakwisha hapo.

Je, wajua kwamba Fort Jesus yenyewe, fahari ya Mombasa, ilikuwa jela kwa zaidi ya miaka 60? Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliivamia na kuwaua Wareno waliokuwamo. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na haikuanguka hadi Desemba 1698. Waingereza wakaifanya gereza mwaka 1895 na hawakuwatoa wafungwa hadi 1958. Ndipo Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ukatoa pauni 30,000 za ukarabati, na mwaka 1960 milango ikafunguliwa kwa umma. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2011.

Watalii hupiga picha mizinga. Mimi ningekwambia utafute kipande cha ukuta wa chokaa chenye michoro. Wanajeshi na mabaharia Wareno waliochoka kukaa zamu walichora meli na watu kwa makaa na rangi nyekundu, ovyo ovyo tu, kama anavyochora mwanafunzi nyuma ya daftari mwalimu akiwa mbali. Mfalme aliyeagiza ngome ile hakuacha alama ya mkono wake. Walinzi waliokuwa wakipiga miayo ndio walioacha.

Ukumbuke pia undugu wa kuta hizi na za Uarabuni. Imamu Sultan bin Saif ndiye aliyewatimua Wareno kutoka Muscat mwaka 1650 na kujenga mnara mkubwa wa ngome ya Nizwa. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyekuwa imamu majeshi ya Oman yalipoiteka Fort Jesus. Leo ngome zote mbili, ya Nizwa na ya Mombasa, zinakata tiketi.

Lamu, upesi upesi: ngome ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821, ikawa gereza kuanzia 1910 hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Hii ndiyo naipenda kuliko zote, na sababu yangu haihusiani na usanifu. Mbele ya lango lake kuna uwanja wa Mkunguni, wazee wanakaa chini ya mikungu wakizungumza, soko liko ubavuni, punda wanapita. Ndani mna maktaba. Mtu wa Lamu hahitaji kuwa mtalii ili awe na sababu ya kuingia katika ngome ya mji wake. Ngome nyingi zilizokarabatiwa kwa fedha nyingi hufa mara ya pili kwa kukosa jambo hilo: ukuta unapakwa chokaa, kibao kinawekwa, mkanda unakatwa, halafu wenyeji wanazunguka kando kama zamani jela ilipokuwamo.

Ngome Kongwe ya Unguja nayo imebadilisha kazi mara nyingi kuliko mwanasiasa anavyobadilisha chama. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ikawa jela. Ikawa karakana ya reli iliyokwenda Bububu. Ikawa klabu ya tenisi ya wanawake. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza 1998, Sauti za Busara 2004, na jukwaa likawa humo humo ndani ya kuta.

Iringa: boma la Wajerumani, lililojengwa 1900 kuwa hospitali ya jeshi, lilifunguliwa kuwa makumbusho 2016. Arusha: boma la wakati huo huo sasa ni makumbusho ya viumbe na mazingira. Kampala: kilima alichopiga kambi Kapteni Lugard mwaka 1890 leo kina msikiti mkubwa wa taifa, uliofunguliwa rasmi 2008, na mnara wake ndio unaopandwa na wageni kuutazama mji.

Na Harar, kule Ethiopia? Ukuta wake wa karne ya 16, uliojengwa na Emir Nur, bado unauzunguka mji wa zamani. Una matundu chini ambamo fisi hupita usiku kuingia kula mabaki. Hawa ni wavamizi waliokubaliwa.

Je, wajua kwamba jengo la mawe la kale zaidi la umma tunalolijua upande wetu wa ziwa halikuwa ngome? Huko Lothagam, miaka 5,000 hivi iliyopita, wafugaji wa kwanza wa eneo hili walikusanya mawe, wakatengeneza jukwaa pana na kusimamisha nguzo. Watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba chini yake wamezikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na shanga au pambo. Hakuna kaburi la mfalme pale, wala dalili ya ukuta wa kumzuia mtu. Walikuja, wakajenga pamoja, wakazikana pamoja. Kila ninaposikia kwamba mambo ya majengo ni ya pwani, naikumbuka Lothagam.

Sasa tufike kwenye ngome ya Mturkana mwenyewe, maana anayo. Ni boma la miiba. Ukifika kwenye awi jioni utaona matawi ya mgunga yamekokotwa na kupangwa, shina ndani, miiba nje, yakazunguka anok, yaani zizi. Fisi akipima anaghairi. Mwizi wa mifugo pengine haghairi, lakini atachelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakowapa watu nafasi ya kuamka. Malisho yakiisha, familia inahama na ua unabaki nyuma ukioza.

Na hapa ndipo penye utamu. Je, wajua kwamba zizi lililoachwa hugeuka shamba la miti? Mwaka 1995 Robin Reid na Jim Ellis walichapisha utafiti wao wa Turkana Kusini. Walionyesha kwamba mifugo hula maganda ya mgunga, ule ambao Waturkana huuita ewoi. Mbegu hazisagiki zote tumboni. Nyingine hutoka na kinyesi, zikarundikana zizini. Samadi ya pale ina rutuba na hushika maji kuliko mchanga wa pembeni. Watu wakishahama na mvua ikanyesha, miche huota kwa wingi mahali pale pale palipokuwa na zizi, kuliko nje yake. Watafiti waliilinganisha miti na maboma ya kale na kuona umri unakubaliana: hapa walikaa watu, hapa pana kichaka cha migunga.

Maana yake nini? Kwamba kile kichaka cha migunga unachokipita na gari njiani huenda ni ngome iliyostaafu. Wataalamu wengi wa nje walikuwa wakimlaumu mfugaji kwa kumaliza miti. Kumbe mbuzi wake walikuwa wakiipanda. Na mti wa namna hiyo ukikua, chini yake ndipo wazee wanaume hukaa na vigoda vyao, huamua kesi, hupatanisha, hucheza bao. Ukuta wa vita unakuwa baraza bila mfadhili, bila zabuni, bila kibao cha uzinduzi. Kando ya Turkwel miti ina hata wenyewe: kila familia ina ekwar yake, kipande cha mto chenye haki ya maganda na kivuli, na ukiingiza mbuzi wako humo bila ruhusa utaulizwa.

Kakuma wanayo hadithi yao ya miiba. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, kwanza kwa maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbizwa na vita mara mbili, kwao na kisha Ethiopia. Watu wa mataifa mengi wakafuata, na kila aliyepewa kiwanja alifanya kile ambacho mwenyeji angefanya: akazungushia miiba. Mingi ni mathenge, ule mti ulioletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukageuka wenyewe mvamizi. Wakazi wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi wa namna maganda matamu ya mti huo yanavyoozesha meno. Ila kwa uzio hauna mpinzani. Kuukata na kuusuka kuwa ua ni mojawapo ya njia chache za kumfanya adui huyu alipe kodi.

Juni 2018 kambi hiyo ilikuwa mwenyeji wa TEDxKakumaCamp, mkutano wa kwanza wa TEDx kufanyika katika kambi ya wakimbizi. Na makazi ya Kalobeyei, yaliyo jirani, yalipangwa tangu mwanzo wenyeji na wakimbizi wachangie shule, soko na hospitali. Nikiulizwa, somo la Lamu limeeleweka zaidi Kalobeyei kuliko katika majengo mengi ya serikali: usiweke ukuta halafu utafute watu baadaye.

Je, wajua kuhusu Lokiriama? Mwaka 1973, karibu na mpaka wa Uganda, Waturkana na Wamatheniko wa ng'ambo ya mpaka walifanya mapatano, wakazika zana za vita ardhini. Mahali hapo pana mnara wa kumbukumbu, na jamii hizo mbili hukutana hapo kila mwaka kuyahuisha mapatano. Kwingine duniani watu huchukua ngome wakaigeuza uwanja wa watu. Lokiriama waliufanya uwanja bila kupitia hatua ya ngome.

Johannesburg walifanya kinyume, na walifanya vizuri. Ngome ya kale ya mji huo, ya miaka ya 1890, ilikuwa jela iliyowafunga Gandhi na Mandela. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifunguliwa papo hapo. Matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yakatumiwa tena katika kuta za mahakama. Majaji wanaketi mahali ambapo watu walikuwa wakisubiri kuhukumiwa.

Vienna, mwaka 1857, Mfalme Franz Joseph aliamuru kuta za mji zibomolewe. Zikapisha barabara pana ya duara yenye bustani na majumba ya sanaa. Lucca ya Italia haikubomoa. Ilipanda miti juu ya ukuta wake wa kilomita 4 na ushei, na watu hutembea na kuendesha baiskeli huko juu hadi leo.

Turudi nyumbani. Watu hukusanyika Lodwar kila mwaka kwa tamasha la Tobong'u Lore, na mji hujaa hadi vyumba vya wageni kukosekana. Waimbaji, wazee wa mila, wauza shanga, na ndugu zetu kutoka Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini, wote wako hapa. Je, wangapi kati yao hutembezwa hadi nyumba aliyozuiliwa Kenyatta? Ningependekeza usiku mmoja tu wa tamasha uhamishiwe uani pale: mkeka, taa, mzee mmoja wa kusimulia kizuizi kilivyokuwa, na chai ya maziwa ya ngamia. Gharama yake haifikii ya hema moja la wageni waheshimiwa. Na Lokitaung, vyumba vya wafungwa vikipata paa zima na mlinzi anayejua hadithi, shule za kaskazini hazitahitaji kusafiri hadi Kapenguria.

Na kama utauliza ni nani wa kulisukuma jambo hili, je, wajua kwamba Katiba ya 2010 imeligawa? Jedwali la Nne linaiachia Serikali ya Kitaifa kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa taifa. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti makumbusho, maktaba, shughuli za utamaduni na bustani za burudani. Kwa hiyo kuta zinaweza kuwa za Nairobi, lakini kitakachofanyika ndani yake, kitabu, ngoma, baraza au chai, ni kazi inayoweza kuanzia Lodwar. Bajeti ya kaunti husomwa kila mwaka, na kabla ya kusomwa wananchi huitwa kutoa maoni. Wengi huenda kuomba kisima na barabara, na ni haki yao. Mwaka huu mmoja aongeze mstari kuhusu nyumba ile.